Inagawanyika, Lakini kwa Ngapi?

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha fupi ya namba iliyowahangaisha wanahisabati kwa karne mbili na zaidi. Alichukua vipeo vya 2, akatoa 1 kwa kila kipeo, kisha akataja ni wapi, kwa maoni yake, jibu huwa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ndani ya orodha hiyo ilikuwamo 2⁶⁷ − 1. Ukiiandika yote ni 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu 21.

Mersenne alikosea, na kosa hilo lilikaa miaka 232 kabla ya kufichuliwa. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, bila kutaja hata kigawo chake kimoja. Kwa miaka 27 iliyofuata wanahisabati walijua kwa yakini kwamba inagawanyika, wasijue inagawanyika kwa ngapi. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaleta jibu: 193,707,721 × 761,838,257,287.

Hiyo miaka 27 ndiyo inayostahili kuchambuliwa kuliko jibu lenyewe. Kujua kwamba namba inagawanyika ni elimu moja, na kuvijua vigawo vyake ni elimu nyingine. Kila moja ina njia zake na gharama zake. Pengo lililo kati yake limekuwa ukuta unaolinda kadi za benki, saini za kidijitali na mawasiliano ya siri ya dunia nzima, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba ukuta huo hauwezi kubomolewa.

Vigawo vinatuambia nini

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuivunja 60 kuwa 2 × 2 × 3 × 5. Hapo ameshika jambo zito kuliko anavyodhani. Namba yoyote nzima inayozidi 1, kama si tasa, huvunjika kuwa vigawo tasa kwa namna moja tu, uanzie upande wowote. Misingi ya ukweli huo imo katika vitabu vya Euclid, vilivyoandikwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo, na Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliuthibitisha kikamilifu mwaka 1801. Vigawo tasa basi ndio utambulisho wa namba. Ukiwa navyo, unajua mara moja namba ina vigawo vingapi kwa jumla, na ni namba ngapi zilizo chini yake ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1.

Chukua 1,207, ambayo ni 17 × 71. Namba zilizo chini yake zisizoshiriki nayo kigawo ni 16 × 70, yaani 1,120. Hesabu hiyo ni nyepesi kwa sababu 17 na 71 tumekwisha kuzijua. Sasa geuza swali. Mtu akipewa 1,207 na 1,120 peke yake, ataongeza 1 kwenye 1,207, atatoa 1,120, na atabaki na 88, ambayo ndiyo jumla ya vigawo viwili vinavyotafutwa. Kilichobaki ni kutafuta namba mbili zenye jumla ya 88 na zao la 1,207, kazi ya kidato cha pili. Kwa namba iliyo zao la namba tasa mbili, mwenye hesabu ile ya 1,120 anavyo na vigawo.

Hata hivyo, yapo mambo yasiyohitaji vigawo kabisa, na kubwa kuliko yote ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS ya darasani. Walimu wengi huifundisha kwa kuvunja kwanza kila namba kuwa vigawo tasa. Euclid alikuwa na njia bora: gawanya kubwa kwa ndogo, shika baki, gawanya ndogo kwa baki, uendelee hivyo mpaka baki iwe sifuri. Kwa 1,207 na 34, baki ya kwanza ni 17, na 34 ukigawa kwa 17 hakibaki kitu. KKS ni 17. Hata kama kila namba ina tarakimu 600, kompyuta ya kawaida humaliza kazi hiyo kabla hujapepesa jicho. Njia hii itatufaa tena mara kadhaa huko mbele, kwa hiyo msomaji aishike.

Kujua bila kuviona

Lucas aliwezaje kuihukumu namba bila kuivunja? Msingi wa mbinu za aina hii uliwekwa na Pierre de Fermat mwaka 1640. Aligundua kwamba ikiwa p ni namba tasa isiyo 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1, ukigawa kwa p, hubakisha 1. Sheria hiyo haina msamaha kwa namba tasa yoyote. Kwa hiyo namba inayobakisha kitu kingine imejisema yenyewe kwamba si tasa.

Tuijaribu kwa 91, namba ambayo wengi huidhania kuwa tasa. Tunataka baki ya 2⁹⁰ ukigawa kwa 91. Hatuna haja ya kuandika namba hiyo yenye tarakimu 28. Tunaanza na 2⁶, ambayo ni 64. Tukiizidisha kwa yenyewe tunapata 2¹², ambayo ni 4,096. Kwa kuwa 91 × 45 ni 4,095, baki ya 2¹² ni 1. Sasa 90 ni 12 mara saba na 6 juu yake, na kila 12 inaleta 1 tu, kwa hiyo baki ya mwisho ni ile ya 2⁶, yaani 64. Ingekuwa tasa tungepata 1. Kesi imekwisha: 91 inagawanyika, na hatukuigawanya kwa namba yoyote tukitafuta vigawo.

Uchumi wa njia hii ni mkubwa ajabu. Kila unapozidisha baki kwa yenyewe, kipeo huongezeka maradufu. Namba yenye tarakimu 300 huhitaji hatua elfu moja hivi, na kila hatua ni kuzidisha na kugawa kwa kawaida. Mbinu ya Lucas, ambayo D. H. Lehmer aliisafisha mwaka 1930, ni fupi zaidi kwa namba za Mersenne. Anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, shika baki, rudia. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, mfuatano ni 4, 14, kisha 194 inayobakisha 8, kisha 62 inayobakisha 0, na sifuri hiyo inathibitisha kwamba 31 ni tasa. Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua ni 65 tu, na sifuri haitokei.

Kipimo cha Fermat kina upungufu mmoja. Kinaweza kukamata isiyo tasa, lakini hakiwezi peke yake kuithibitisha iliyo tasa. Namba 341 ni 11 × 31, lakini 2¹⁰ ni 1,024, na 1,024 ni 341 mara tatu na 1 juu. Kwa hiyo 2³⁴⁰ hubakisha 1, na 341 inapita mtihani kama vile ni tasa. Mbaya zaidi ni 561, yaani 3 × 11 × 17, inayopita hata ukiweka mahali pa 2 namba nyingine yoyote isiyoshiriki nayo kigawo. Namba za namna hii zimepewa jina la Mmarekani Robert Carmichael, na mwaka 1994 W. R. Alford, Andrew Granville na Carl Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho.

Tiba ilipatikana kwa awamu. Katika miaka ya 1970 Gary Miller na Michael Rabin walikaza kipimo hicho kiasi kwamba namba isiyo tasa haiwezi kupita zaidi ya robo ya majaribio. Ukifanya majaribio 20 kwa namba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, nafasi ya kudanganywa inakuwa chini ya moja kwa bilioni elfu. Kisha Agosti 2002 Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wa Taasisi ya Teknolojia ya Kanpur nchini India, walitoa njia isiyotegemea bahati wala dhana yoyote, ambayo muda wake hauumuki kwa kasi ya kutisha tarakimu zinapoongezeka. Swali la kama namba ni tasa au si tasa likawa limefungwa kwa heshima.

Kazi ya kuvunja

Swali la pili limegoma. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kujaribu vigawo kimoja kimoja mpaka kufikia kipeuo cha pili cha namba. Kwa 2⁶⁷ − 1 kipeuo hicho kinazidi bilioni 12, mzigo usiobebeka kwa kalamu na karatasi.

Hisabati hupunguza mzigo. Leonhard Euler alionyesha nguvu hiyo mwaka 1732 alipokabili dai la Fermat kwamba namba zote za umbo 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, ukiongeza 1, ni tasa. Namba tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ni 4,294,967,297. Euler alijua kwamba kigawo tasa cha namba hiyo lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Namba tasa za aina hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577 na 641, na hiyo ya tano ikaivunja: 641 × 6,700,417. Dai la Fermat likaanguka.

Sheria kama hiyo inatawala 2⁶⁷ − 1: kila kigawo chake tasa ni kigawe cha 134 ukiongeza 1. Kigawo kidogo alichokipata Cole ni 134 × 1,445,580 + 1. Hata kwa mchujo huo, mtu anayejaribu kwa mfululizo angekutana na namba zaidi ya milioni moja kabla ya kukifikia. Cole alitumia mabaki ya vipeo vya pili kubana zaidi eneo la kutafutia. Simulizi iliyoandikwa miaka mingi baadaye na E. T. Bell inasema kwamba kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani, Oktoba 1903, Cole alikokotoa 2⁶⁷ − 1 ubaoni, akazidisha namba zake mbili upande wa pili, majibu yakalingana, akarudi kukaa bila kusema neno, na ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, inasimuliwa kwamba alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Jibu hilo lina fundisho ambalo halitegemei simulizi. Kutafuta kulimeza miaka, na kuhakiki kulihitaji dakika chache za kuzidisha. Utafutaji na uhakiki haulingani uzito, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kugeuzwa kufuli.

Wazo lililozaa mbinu za kisasa pia ni la Fermat. Ukiweza kuandika namba kama tofauti ya vipeo viwili vya pili, umeivunja. Mwaka 1643 aliivunja 2,027,651,281 kwa njia hiyo. Alianza na 45,030, namba ya kwanza ambayo kipeo chake cha pili kinaizidi, akapanda moja moja, na kwenye jaribio la 12 akafika 45,041. Kipeo chake cha pili kinaizidi namba ile kwa 1,040,400, ambayo ni 1,020 × 1,020. Vigawo vikatoka vyenyewe: 45,041 − 1,020 na 45,041 + 1,020, yaani 44,021 na 46,061.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba huwa ya haraka pale tu vigawo vinapokaribiana. Karne ya 20 iliboresha wazo: usisubiri tofauti moja iliyo kamili, kusanya pungufu nyingi uziunganishe. Turudi kwa 1,207. Kipeo cha pili cha 35 ni 1,225, kinazidi kwa 18. Kipeo cha pili cha 37 ni 1,369, kinazidi kwa 162. Hakuna kati ya 18 na 162 iliyo kipeo cha pili. Lakini ukizizidisha unapata 2,916, ambayo ni 54 × 54. Zidisha na 35 kwa 37: ni 1,295, na ukiondoa 1,207 inabaki 88. Toa 54 kwenye 88 upate 34. Tafuta KKS ya 34 na 1,207, ambayo tayari tunayo: 17. Namba imevunjika.

Hilo ndilo pigo la moyo wa chekeche la vipeo vya pili alilolibuni Carl Pomerance mwaka 1981, na pia la chekeche kubwa zaidi lililoanzia kwenye wazo la John Pollard mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa njia hii ya pili namba ya kumi katika hesabu ya Fermat, yenye tarakimu 155, ilivunjwa mwaka 1990. Leo 2⁶⁷ − 1 ya Cole huvunjwa na kompyuta ya mezani katika sekunde moja au chini yake. Tatizo ni kwamba kila tarakimu inayoongezwa huongeza kazi kwa kasi kubwa kuliko inavyoongeza kazi ya kupima utasa.

Pengo linapogeuzwa kufuli

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, waliliona pengo hili kama mali. Chagua namba tasa mbili kubwa, jambo ambalo vipimo vya utasa vimelirahisisha. Zizidishe. Zao litangaze hadharani, na yeyote aweze kulitumia kufunga ujumbe anaokuletea. Kuufungua kunahitaji ile hesabu tuliyoiona, 16 × 70 kwa 1,207, na hiyo anayo mwenye vigawo peke yake. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa amefikia wazo hilo mwaka 1973 akiwa katika idara ya ujasusi wa mawasiliano ya nchi yake, lakini lilifichwa hadi 1997.

Mwaka huo huo wa 1977 watatu hao walitangaza namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Makadirio ya wakati ule yalisema ingechukua muda unaozidi kwa mbali umri wa dunia. Ilivunjwa Aprili 1994, baada ya watu wapatao 600 kuchangia kompyuta zao kupitia intaneti kwa miezi minane. Vifaa vilikuwa vimeongezeka nguvu, ndiyo, lakini chekeche la Pomerance halikuwapo wakati makadirio yalipofanywa. Kipimo cha ugumu kilikuwa kipimo cha ujuzi wa siku ile. Februari 2020 watafiti wa Ufaransa na Marekani walitangaza kuvunja namba ya tarakimu 250, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. Funguo zinazotumika kwa wingi sasa zina tarakimu 617.

Kadi nyingi za benki zenye chipu hutegemea namba za aina hii kuthibitisha kwamba ni halali. Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mamilioni ya funguo za wazi kwenye intaneti na kuzipima kwa KKS. Makumi ya maelfu ya vifaa vilikuwa na funguo zilizoshiriki kigawo kimoja, kwa sababu vilikuwa vimechagua namba tasa bila bahati nasibu ya kutosha. Funguo hizo zilianguka mikononi mwa Euclid bila chekeche lolote. Namba mbili kubwa, kila moja imara ikiwa peke yake, ziliangushana zilipowekwa pamoja.

Mipaka ya tunachokijua

Yapo bado majitu yanayoishi katika hali ya 2⁶⁷ − 1 kabla ya Cole. Namba ya Fermat inayopatikana kwa 2 kwa kipeo cha 1,048,576, ukiongeza 1, ina tarakimu 315,653. Imethibitishwa tangu miaka ya 1980 kwamba si tasa, na hakuna kigawo chake kinachojulikana. Nyingine, yenye tarakimu 5,050,446, ilithibitishwa mwaka 1999 kwamba inagawanyika, nayo vigawo vyake havijaonekana.

Uzito wa jambo uko hapa: hakuna uthibitisho wowote kwamba kuvunja namba ni kazi ngumu kwa asili yake. Tunachokijua ni kwamba watu wenye vipaji vikubwa wamejaribu kwa muda mrefu na hawajapata njia ya haraka. Uzoefu huo una thamani, lakini uzoefu si uthibitisho, na namba ya tarakimu 129 imetuonyesha jinsi makadirio yanavyopitwa.

Mwaka 1994 Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba pengo si la lazima ukibadilisha aina ya mashine. Angalia tena 91. Vipeo vya 2 vinarudi kwenye baki ya 1 kila hatua 12. Nusu ya 12 ni 6, na 2⁶ ni 64. Chukua jirani zake, 63 na 65. KKS ya 63 na 91 ni 7. KKS ya 65 na 91 ni 13. Namba imetoa vigawo vyote viwili. Kwa namba kubwa, kilicho kigumu ni kuijua hiyo 12, yaani urefu wa mzunguko, na hilo ndilo ambalo kompyuta ya kwantamu inaweza kulifanya kwa haraka. Mwaka 2001 mashine ndogo ya namna hiyo iliivunja 15. Mashine ya kuvunja namba ya tarakimu 617 haijajengwa, lakini njia yake imeshaandikwa. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kufunga ujumbe visivyotegemea ugumu wa kuvunja namba.

Ninachosisitiza kina pande mbili. Kwanza, taasisi inayotunza siri zinazopaswa kudumu miaka 20 au 30, iwe hospitali, benki au serikali, haina haki ya kusubiri mashine hiyo ijengwe, kwa sababu ujumbe unaonaswa na kuhifadhiwa leo unaweza kufunguliwa siku hiyo. Ukuta huu uheshimiwe kwa kazi uliyoifanya, na uhamaji kuelekea viwango hivyo vipya upangwe sasa.

Pili, na hili nalipenda zaidi, mtoto anayejua kuzidisha, kugawa na kushika baki ana vyombo vyote vilivyotumika katika kila mfano wa makala haya. Anaweza kuihukumu 91, anaweza kuivunja 1,207, na anaweza kuelewa kwa nini Lucas alijua asichokiona. Vitabu vyetu humpa vigawo kama zoezi lililokwisha, lenye jibu nyuma ya kitabu. Apewe pia swali lenyewe, na aambiwe wazi kwamba jibu lake halijaandikwa nyuma ya kitabu chochote.